Viatu Juu ya Mkeka

Leo nimeaibika mbele ya ukumbi mzima. Jukwaani kabisa, chini ya taa, soksi imetoboka, nalia kama mtoto aliyempoteza mama yake sokoni. Na mwisho wake watu wakanipigia makofi!

Ngojeni. Msianze. Nipeni nafasi nieleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Wengi humu mnanijua. Mimi ni Hamisi, mtu wa Ujiji, naishi Brussels. Siku za kazi napika jikoni katika nyumba ya wazee. Siku za mapumziko nakwenda kutazama michezo ya kuigiza, halafu nawaandikia hapa kwenye ukurasa wetu kama mchezo unafaa au haufai. Nyie wenyewe mkanibandika jina la Wembe, kwa sababu simwonei mtu haya. (Masomo ya maigizo sina. Nina koti zuri na mdomo.)

Basi siku chache zilizopita nikapata ujumbe kutoka kwa binti mmoja anaitwa Sina. Ni mwanafunzi wa maigizo hapa Ixelles, yuko mwaka wa mwisho. Ameandika mchezo na kuuongoza mwenyewe, na walimu watautumia kumpa alama za kumalizia masomo. Mchezo unahusu maisha ya Wasamoa waliohamia New Zealand. Mama yake ni Msamoa aliyekulia kule Auckland. Baba ni Mbelgiji.

Samoa, kwa wasiojua, ni visiwa vilivyo mbali kabisa katika bahari ya Pasifiki. (Mimi mwenyewe nilikuwa naitafuta karibu na Somalia.)

Sina aliniandikia hivi: "Ndugu na marafiki wote watasema ni mzuri. Nataka mtu ambaye hatanionea huruma."

Nikamjibu: "Hapo umefika."

Mnaona jinsi mtu anavyojichimbia?

Onyesho lilikuwa leo Jumapili, mchana. Nilipewa nafasi mbili, nikamwalika Maman Furaha. Huyu ni mama wa Bukavu, ana saluni yake Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, anasuka nywele. Ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu sijui hata pa kushukia basi. Tukakutana Porte de Namur, mvua inanyesha ile ya hapa, isiyonyesha wala kuacha. Tukapanda basi. Njiani akaanza.

"Papa Hamisi, bale batu ya Samoa njo banani?"

"Ni watu wa visiwani, Maman. Walihama kwao wakaenda kutafuta maisha ugenini."

"Kule ugenini banatumika kazi gani?"

"Viwandani. Kusafisha maofisi usiku."

"Na bazungu ya kule banabaomba karatasi?"

"Wanawaomba vibali vya kuishi, ndiyo."

"Bon," akasema, akafunga zipu ya koti lake. "Donc ni sisi."

"Si sisi, Maman. Ni Wasamoa."

"Nimesikia. Ni sisi."

Nikamwacha. Mhakiki habishani kwenye basi.

Ukumbi wenyewe ni mdogo, uko chini ya jengo la chuo. Jukwaa halikuinuka hata kidogo. Ni sakafu tu, na viti vya mbele vinaigusa. Kwenye kiti changu cha mstari wa kwanza walikuwa wamebandika karatasi imeandikwa PRESSE, yaani mwandishi wa habari. Wenzangu! Nimekaa nchi hii miaka na miaka, sijawahi kuwekewa kiti. Nikaipiga picha ile karatasi. Maman Furaha akaipiga tena, mimi nikiwa nimekaa, miguu nimeipandisha mmoja juu ya mwingine.

Sina akaja kutusalimia. Binti mwembamba, kucha amezitafuna zote. Akatuonyesha walimu wake nyuma kabisa, wenye sura za watu waliokwisha kuona kila kitu duniani. Halafu akamwonyesha mama yake, mwanamke mpana wa gauni la maua, amekaa peke yake mstari wa tatu, pochi mapajani, ameikamata kwa mikono miwili.

"Anaitwa Losa. Mchezo hajauona," Sina akaniambia. "Nilimkataza kuja mazoezini. Ni habari za mama yake yeye. Bibi yangu."

Taa zikazimwa.

Sasa, nusu ya kwanza nilikuwa Wembe kamili. Mchezo ulikuwa wa Kifaransa, na nyimbo za kanisani za Kisamoa hapa na pale. Mhusika mkuu ni mama anaitwa Mele, ametoka kijijini kwao na wanawe, wanaishi Auckland katika nyumba ambamo upepo unapita kama mpangaji mwenzao. Mele alichezwa na binti wa Kikongo, anaitwa Grâce, wamemjaza poda ya watoto kichwani ili azeeke. Kila akigeuka anatoa wingu. Nikaliandika hilo. Mtoto wake wa kwanza alikuwa kijana wa Kiflamandi, nywele za manjano kama mahindi. Nikaandika. Kwenye meza wakaleta magimbi, Wasamoa wanayapenda kama sisi. Lakini hayakuwa magimbi, yalikuwa seleri, ile ya mzizi. Mtu wa jikoni humdanganyi! Nikaandika, nikapiga mstari chini.

Halafu ikaja sehemu ya polisi. Alfajiri, mlango unagongwa, Mele amesimama na nguo ya kulalia, mpwa wake asiye na karatasi amejificha nyuma ya pazia. Mlango ukagongwa tena. Maman Furaha akanikamata mkono.

"Usifungule," akasema.

Hakuniambia mimi. Alimwambia Mele.

"Maman, tafadhali," nikamnong'oneza. "Ni maigizo. Watu wanatutazama."

(Hayo maneno niliyasema mimi, kwa mdomo huu huu.)

Baada ya hapo Mele akafungua sanduku akatoa mkeka.

Mkeka huo haukuwa wa dukani, nikaujua mara moja. Wasamoa wana mikeka inayosukwa kwa majani yaliyochanwa nyembamba kama uzi, mkeka mmoja unachukua miezi, pengine mwaka na zaidi. Wanapeana kwenye harusi na misiba. Ukiukunja ni laini kama shuka. Mele akautandaza sakafuni akawa anaupapasa kwa kiganja, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni, kama mtu anayempapasa mtoto mgonjwa.

Kalamu yangu ikasimama.

Mama yangu alikuwa anashona mikeka. Bi Mwamvua, pale Ujiji watu wa mtaani wote wanamjua. Ukindu anaupaka rangi mwenyewe, anasuka ukili huku anaongea na majirani, wala hatazami mikono. Mkeka ukiisha anautandaza uani na kuupapasa vile vile, kutoka katikati kwenda pembeni. Na ole wako uukanyage na viatu! Hata ndala. Hata kama nyumba inaungua, utavua kwanza.

Alifariki mwaka juzi. Wengi wenu sikuwaambia. Alifariki asubuhi, alasiri akazikwa, ndivyo desturi yetu. Karatasi zangu wakati huo zilikuwa bado zinashughulikiwa, nikitoka nchi hii sirudi. Dada yangu Zuhura alinipigia simu nikiwa kazini namenya karoti. Akaniambia, "Hamisi, tumeshatoka makaburini." Nikauliza alilala juu ya mkeka gani. Akasema ule wa zambarau, ambao ukingo wake alikuwa hajaumaliza.

Nikarudi kwenye karoti. Mkuu wa jikoni akanitazama, akauliza, "Ça va?" yaani, u mzima? Nikasema, "Ça va." Wazee wakala supu yao saa ile ile ya kila siku.

Na huo ndio ulikuwa msiba wangu, wote.

Kwa hiyo leo, Mele alipoanguka kazini akafa, nikajua kwamba siko salama. Machozi niliyaona yanakuja. Nikavua miwani nikaifuta. Nikavaa. Nikavua.

Wakamlaza juu ya ule mkeka. Wanawe wakakaa chini pembeni yake, miguu wameikunja, wamevua viatu wote. Hakuna muziki. Hakuna neno. Mvua ya nje inasikika. Grâce amelala vizuri mno, hata kifua hakipandi.

Akaingia mtu wa kampuni ya mazishi. Kijana wa Kizungu, suti nyeusi, futi ya kupimia mkononi, viatu vyeusi vinang'aa. Hakuwasalimia. Akatembea moja kwa moja, tap, tap, tap, akafika ukingoni mwa mkeka.

Akaukanyaga.

Kiatu kimoja. Halafu cha pili. Akasimama pale karibu na kichwa cha marehemu na viatu vyake, akaanza kupima urefu wa mtu.

Wale wana wakatazama chini. Hakuna aliyesema kitu.

"VIATU!"

Nikageuka kutazama nani kapiga kelele. Ni mimi.

"Vua viatu, we kijana! Vua! Unamkanyaga mama!"

Kwa Kiswahili! Kwa sauti ya uwanjani! Kijana akaganda na futi yake. Hakujua nasema nini, lakini alijua anaambiwa yeye. Nyuma yangu nikasikia Maman Furaha: "Papa Hamisi! Unaenda wapi? Rudia huku! Batu bote banakuangalia!"

Maana nilikuwa nimeshasimama. Sijui nilisimamaje. Nakumbuka tu kwamba mwili ulijua kitu kimoja: mkeka uko mbele, vua viatu. Nikavua. Kimoja kikaruka huko. Na hapo, jamani, chini ya taa ya jukwaa, kidole gumba cha mguu wa kulia kikatokeza kwenye soksi kizima kizima, kinawasalimia watu.

Wakacheka. Mstari wa pili mzima. Niliwasikia.

Nikampita yule kijana, nikampiga kikumbo kidogo (nilimwomba radhi baadaye), nikapiga magoti. Alama ya kiatu chake ilikuwa pale, matope ya mvua, kwenye ule mkeka mzuri. Nikaanza kuifuta kwa mkono wa koti langu. Koti lile zuri. Nafuta, napapasa, kutoka katikati kwenda pembeni.

Marehemu akafungua jicho moja.

"Monsieur," akaninong'oneza bila kuchezesha midomo, maskini, bado anajitahidi kuwa maiti. "Ça va?"

Nikamtazama. Poda kichwani, mvi za uongo. Nikafungua mdomo kumjibu lile jibu langu, lile la siku zote. Likakataa kutoka.

"Hapana," nikasema. "Hapana, mama."

Nikalia. Si kile kilio cha kiume cha kufuta jicho kwa kidole. Nililia kwa kelele, mabega yanaruka, kamasi, kila kitu. Kilikuwa kilio cha mwaka juzi. Nilikiacha kwenye karoti, kumbe kilinifuata, kikanisubiri mpaka siku niliyowekewa kiti cha PRESSE.

Hakuna aliyecheka tena. Yule anayeendesha taa hakujua afanye nini, akaziacha zinawaka.

Halafu nikasikia mtu anakuja polepole. Mwanamke akaketi karibu yangu, mzito, akihema. Alikuwa Losa, mama yake Sina. Amevua viatu vyake, ameviweka kando, vimepangwa. Hakunitazama. Alimtazama yule kijana wa suti aliyekuwa bado amesimama juu ya mkeka na futi yake, akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini sana, avue.

Kijana akavua. Soksi zake zilikuwa na picha za bata.

Losa akaanza kuimba. Wimbo wa kanisani, wa Kisamoa, sauti nene inayotoka tumboni. Hakuna mwigizaji aliyeujua, kwa hiyo aliimba peke yake, ubeti wa kwanza, wa pili. Mkono wake mmoja uko kwenye mkeka, mwingine mgongoni kwangu, ananipigapiga kama mtu anayemlaza mtoto. Nikatulia.

Alipomaliza, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu wamesimama. Wanafuta macho. Mzee mmoja anapiga kelele, "Bravo!"

Na hapo ndipo nilipozinduka nikaona nilipo.

Mungu wangu.

Nilitamani sakafu ifunguke. Nikainuka, nikainamisha kichwa kwa watu (kwa nini? Sijui! Wao walikuwa wanapiga makofi!), nikatafuta viatu. Kimoja nikakipata. Cha pili hakuna. Niko pale nageukageuka kwa mguu mmoja, na katikati ya makofi ikapanda sauti ya Matonge:

"Papa Hamisi! Kiatu yako iko huku! Ilinipiga!"

Amekiinua juu kama kombe.

Sasa sikilizeni, kwa sababu kuchekesha kumeishia hapo.

Nilimkuta Sina nje ya ukumbi, kwenye ukumbi mdogo wa kungojea, karibu na meza ya vinywaji. Amekuwa mweupe kama ukuta. Nikaanza kuomba radhi kwa Kifaransa changu kibovu, akanikatiza.

"Unajua ulichofanya?"

"Nimekuharibia."

"Ule ukimya ndio mchezo wangu. Mengine yote yalikuwa yanaelekea pale. Anaingia na viatu, anaukanyaga mkeka, na hakuna anayesema kitu. Halafu taa zinazimika. Basi. Ndio mwisho."

"Kwa hiyo vile viatu..."

"Niliviandika mimi! Makusudi!"

Wenzangu, mara ngapi nimewahubiria humu kwamba jukwaani hakuna kitu cha bahati mbaya? Kwamba ukiona kikombe, kimewekwa? Mimi, Wembe, nimeona kiatu nikadhani kijana kakosea!

Mwalimu mmoja akasogea, mzee wa ndevu za kijivu. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kamba zake bado zinaburura.

"Sina," akauliza, "huyu bwana ni sehemu ya mchezo wako?"

Nilimwona Sina anamtazama mwalimu wake. Nikaona pia kwamba nikiitikia kwa kichwa tu, ameokoka. Watu walisimama, walilia, alama zingekuja zenyewe. Nikafungua mdomo kusema uongo, na ningeusema, wala nisingejuta.

"Hapana," Sina akasema, kabla yangu. "Si sehemu ya mchezo."

Mwalimu akatikisa kichwa, akaenda zake. Majibu bado. Sijui atapata nini, na jambo hilo limenikaa hapa kifuani hata sasa ninapoandika.

Losa alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. Akamwuliza binti yake, "Kwa nini wale wana wa Mele kwenye mchezo walinyamaza?"

"Kwa heshima, Mama," Sina akasema. "Ulinisimulia mwenyewe. Yule mtu aliingia na viatu, na nyinyi mkamwacha. Mlikuwa wakubwa kuliko yeye. Mlimzika Bibi kwa heshima zenu, hamkushuka mpaka kwake. Ndivyo nilivyoandika."

Losa akaangalia mikono yake.

"Haikuwa heshima," akasema. "Tuliogopa. Nusu ya watu waliokuwa katika chumba kile hawakuwa na karatasi. Na mimi ndiye niliyejua Kiingereza kuliko wote. Wajomba zangu, shangazi zangu, wote walinitazama niseme. Watu wazima wote wale. Nikatazama chini."

Sina akamsogelea.

"Ule mkeka aliolazwa Bibi yako sikuwahi kuukunjua tena. Wewe ndiye uliyeukunjua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliandika."

Sikujua pa kuweka macho. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nikazifunga muda mrefu. Nikiwa pale chini, Losa akanigusa bega, akauliza ni nini nilichomwambia yule kijana, kwa lugha yangu.

"Nilimwambia avue viatu. Nikamwambia anamkanyaga mama."

"Unasemaje, avue viatu?"

"Vua viatu."

"Vua viatu," akasema. Akarudia tena, taratibu, anajaribu yanavyokaa mdomoni. "Vua viatu." Halafu akaufunika uso wake kwa mikono miwili, na Sina akamshika.

Tulipokuwa tunaondoka Sina akanifuata mlangoni. Macho mekundu, lakini hasira imeshuka kidogo.

"Kesho tunacheza tena," akasema. "Tafadhali usije."

"Siji."

"Na pole kwa mama yako."

Kupitia mlango nikawaona yeye na mama yake wamerudi jukwaani, wanaukunja ule mkeka, mmoja pembe huku, mwingine pembe kule, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena.

Nikataka kwenda nyumbani. Maman Furaha akakataa.

"Maman yako alikufaka lini?"

"Mwaka juzi."

"Na haukuniambia miye? Ulikuja ku saluni, ukakunywa chai yangu, haukusema?"

"Nilikuwa na kazi, Maman."

"Kazi," akasema. "Bon. Twende."

Saluni ilikuwa imejaa. Jumapili jioni Matonge nzima inataka kichwa cha Jumatatu. Muziki juu, mashine za nywele zinavuma, watoto chini ya meza. Maman Furaha akaingia, akazima redio.

"Bandugu, Papa Hamisi amefiwa na mama yake."

Wakapiga kelele wote. Pole papa! Eh, Yezu! Pole sana! Lini?

Aibu ya pili kwa siku moja. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mwaka juzi."

Msichana mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, akanigeukia.

"Mwaka juzi? Na matanga ilifanyikaka wapi?"

"Haikufanyikaka," Maman Furaha akamjibu. "Alikuwa ku kazi."

"Ah non," akasema yule msichana. "Ah non, ile haiko muzuri."

Na hivyo tu, bila mtu kutoa amri, wakaanza kuvuta viti. Wakavipanga ukutani kama inavyopangwa nyumba yenye msiba. Mmoja akaweka maji ya chai. Mwingine akafunika kioo kikubwa kwa taulo, sijui kwa nini, labda kwao ni desturi. Mama mmoja mnene aliyekuwa na dawa kichwani akaja kukaa karibu yangu, ananuka dawa mpaka machozi yakaanza tena, akaniuliza, "Mama aliitwaka nani?"

Katika mji huu wote hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

"Mwamvua," nikasema.

"Maman Mwamvua," akasema. Na wengine wakalisema, mmoja baada ya mwingine, jina la mama yangu likazunguka ile saluni. Yule mama akaomba dua kwa Yesu wake. Mimi nikainua mikono nikasoma Fatiha. Tulimaliza karibu pamoja.

Nimempigia Zuhura. Nimemwambia kila kitu, mpaka soksi. Akacheka kwanza, kicheko kile kile cha mama, halafu nikamsikia analia. Tukakaa hivyo kwenye simu mpaka salio likaisha.

Naandika haya nimekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, maana ndicho kiti pekee kilichobaki. Haijawashwa. Chai ina sukari mno. Wameanza kusimuliana habari za mama zao.

Kwa hiyo uhakiki wa mchezo hamtaupata. Mtu hawezi kukihakiki kitu alichokiingilia na kidole cha mguu. Ila nawaambia hivi: yule binti anajua kuandika. Na mkienda kutazama maigizo, kaeni nyuma.

Anayetaka kucheka, nampa ruhusa kuanzia kesho. Leo nina msiba.